Barua "inasema", "inaeleza" au "inasomeka"? Naomba msaada wa kitenzi

Karani wa Jalada

Shikamooni wakubwa, na kwa wenzangu, habari za kazi.

Ninafanya kazi katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Kila siku ninasoma barua, mikataba na taarifa zinazoingia masjala, kisha ninaandika dokezo fupi ili mkuu wangu aweze kuamua jambo bila ya kulipekua jalada zima. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiandika "barua inasema", "mkataba unasema" na "taarifa inasema" bila ya kujiuliza, hadi mwezi uliopita dokezo langu moja liliporudi likiwa na duara jekundu kila palipokuwa na kitenzi hicho, na pembeni pameandikwa kwa kalamu hiyohiyo: "Barua haina mdomo."

Nililichukua onyo hilo kwa uzito, pengine kuliko alivyokusudia mwenyewe. Jioni moja nilikaa nikaandika kwenye karatasi vitenzi vyote nilivyoweza kuvikumbuka, yaani kueleza, kubainisha, kubaini, kudai, kukiri, kuthibitisha, kusisitiza, kutamka, kufafanua na vingine, nikawa ninavitumia kwa zamu ili kimoja kisirudiwe katika ukurasa mmoja. Dokezo lililofuata lilimhusu mzabuni aliyeleta madawati ya shule baada ya tarehe iliyokubaliwa. Katika barua yake kulikuwa na sentensi hii: "Madawati yalifika siku 14 baada ya tarehe ya mkataba kwa kuwa barabara ilifungwa kutokana na mvua." Zamu ilikuwa imekifikia kitenzi "kukiri", kwa hiyo nikaandika: "Katika barua yake, mzabuni anakiri kuchelewesha madawati."

Dokezo likapita. Sentensi yangu ikanukuliwa kama ilivyo katika barua ya kumtaka alipe fidia, na baada ya siku chache akafika mwanasheria wake akiuliza, kwa upole kabisa, ni wapi mteja wake alipokiri. Jalada lilifunguliwa mbele yake, nami nikiwa nimesimama hapo. Mzabuni alikuwa ameandika kwamba madawati yalifika baada ya tarehe na akataja sababu. Kosa hakulikubali popote.

Ninaomba mnisaidie mambo matatu. Je, ni kosa kuandika kwamba barua inasema? Kama si kosa, nitajuaje wakati wa kuacha "kusema" na kuchukua kitenzi kingine? La tatu, mwenzangu wa meza ya jirani ananishauri niandike "barua inasomeka kwamba", jambo ambalo masikio yangu yanalikataa ingawa siwezi kutoa sababu.

Msoma Prufu

Marahaba, na pole kwa yaliyokukuta. Nimesahihisha prufu za vitabu na magazeti kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ninaweza kukuhakikishia kwamba wewe si wa kwanza kuponzwa na zamu ya vitenzi.

Nianze na huo mdomo wa barua. Mkuu wako alikuwa na haki ya kuchoshwa na neno moja linalorudiwa ukurasa mzima, lakini sababu aliyoitoa haina mizizi katika lugha yetu. Waliofasiri Biblia ya Union, iliyotoka mwaka 1952, hawakuona tabu kuandika katika Warumi 4:3, "Maana maandiko yasemaje?", na katika sura ya 10 ya waraka huohuo wakaandika "andiko lanena". Neno "imeandikwa", ambalo pia limejaa humo, halikuletwa ili kuikwepa "yasema". Lina kazi yake ya kuonesha kwamba maneno yamekwisha kuwekwa na hayana wa kuyabadilisha.

Ipo desturi nyingine inayofaa kuangaliwa. Msikilize sheikh anapotoa mawaidha: mara nyingi hasemi kwamba Kitabu kinasema, bali husema "Mwenyezi Mungu anasema katika Sura fulani, aya fulani", na akifika kwenye Hadithi hutanguliza "imepokewa kutoka kwa fulani" kabla ya kuyataja maneno ya Mtume. Kusema kunarudishwa kwa mwenye maneno, maandishi yanabaki kuwa mahali maneno yanapopatikana, na aliyeyapokea anatajwa kuwa ameyapokea tu. Kwa kazi yako ya madokezo ningekushauri ufuate desturi hii ya pili. Barua ina mwenyewe. Ukiandika "Mzabuni anaeleza katika barua yake", msomaji anajua papo hapo ni nani atakayeulizwa. Ukiandika "barua inaeleza", na jaladani mna barua kumi, umemwachia kazi ya kutafuta.

Sasa vitenzi vyenyewe, na hapa ndipo penye mwiba. Umevipanga katika orodha moja kana kwamba ni majina kumi ya kitu kimoja, na sivyo. "Kusema", "kueleza", "kuandika" na "kutaja" vinamwachia mwandishi maneno yake, nawe unabaki mjumbe. Vingine vinakutia wewe ndani ya maneno. Ukiandika kwamba mtu "anakiri", umetoa hukumu mbili kwa mpigo mmoja: kwamba jambo lilitokea, na kwamba ni kosa au aibu iliyokuwa ikimwia vigumu kuitaja. Hakuna anayekiri kula chakula cha mchana, isipokuwa mchana wa Ramadhani. Ukiandika "taarifa inathibitisha kwamba fedha ziliibwa", umekwisha kukubali kwamba ziliibwa, na ikija kuonekana baadaye kwamba zilihamishwa tu kutoka fungu moja kwenda jingine, mwenye kujibu ni wewe wala si aliyeandika taarifa. "Kukanusha" nako kunahitaji tuhuma iliyotangulia. Mtu ambaye hajatuhumiwa hakanushi. Anasema tu kwamba hakufanya, na ukimwandikia "anakanusha" umemzulia tuhuma ambayo hakuna aliyeitoa.

"Kudai" kunavuta upande wa pili. Magazeti yamekifanya kitenzi hiki kuwa kinga, kiasi kwamba mwandishi mwenye hofu ya kushtakiwa huweka "inadaiwa" hata pale anapotaja siku ya wiki. Katika dokezo, ukiandika "mzabuni anadai kwamba barabara ilifungwa", mkuu wako atasikia maneno mengine ambayo hukuyaandika: "lakini mimi simwamini". Pengine humwamini kweli, na hilo ni haki yako, ila basi liandike katika sentensi yako mwenyewe, utoe na sababu, badala ya kulificha ndani ya kitenzi. Kumbuka pia kwamba kudai ni kutaka ulipwe chako. "Barua inadai shilingi 500,000" na "barua inadai kwamba shilingi 500,000 zililipwa" ni mambo mawili yanayopingana, na kinachoanza kuyatenganisha ni neno dogo "kwamba", ambalo nimelikuta limedondoka katika prufu zaidi ya mara moja.

Niruhusiwe kulalamikia jambo moja lililonisumbua miaka yote. Wengi huandika "ripoti imebaini". Kubaini ni kutambua jambo lililokuwa halionekani, na anayetambua ni mwenye macho na akili: mkaguzi amebaini kasoro, kamati imebaini upungufu. Ripoti hubainisha, yaani huweka wazi kile ambacho mkaguzi amekwisha kukibaini. Ni tofauti ya silabi moja. Ninajua kwamba wapangaji wa vichwa vya habari wanapenda ufupi, na kwamba "Ripoti yabaini madudu" inaingia katika safu kwa raha kuliko "Ripoti yabainisha madudu", lakini dokezo lako halina safu.

Kuhusu "inasomeka" nitawaachia wanaoishi nayo.

Mwenye Leso

Nawasalimu kutoka Mombasa, ambako ninafundisha Kiswahili katika shule ya upili.

Mkuu wa huyo kijana angelelewa huku kwetu asingeandika maneno yale. Mwanamke akiiona leso mpya dukani, ambayo wenzetu huiita kanga, huuliza "Yasemaje?" kabla ya kuuliza bei, na maandishi yenyewe yana istilahi yake, kwani huitwa jina. "Leso hii jina lake nini?" Muuzaji ataisoma: "Hasidi hana sababu." Kisha huja swali zito zaidi, "Amwambia nani?", kwa sababu leso ikishafungwa kiunoni na kupitishwa mbele ya mlango wa jirani, msemaji si kitambaa tena wala si kiwanda, bali ni aliyejifunga. Kwa hiyo ninakubaliana na Mzee wa prufu kwamba maneno yana mwenyewe, ila ninaongeza kwamba mwenyewe si lazima awe yule aliyeyaandika.

Kwenye leso hiyohiyo yapo maandishi mengine madogo, kama yale ya "K.H.E. Mali ya Abdulla". Sijapata kumsikia mtu akiuliza hayo yasemaje. Ukiulizwa habari zake utajibu kwamba pembeni pameandikwa hivyo, basi. Nadhani hapo pana kipimo kizuri cha kugawa "kusema" na "kuandikwa": panapo ujumbe unaomwelekea mtu, maandishi yanasema, palipo na wino tu, yameandikwa. Mhuri wa tarehe ya kupokelewa barua hausemi kitu. Ile sentensi ya kalamu nyekundu ilisema, tena kwa ukali.

Na kwa kuwa nimetaja "pameandikwa", nimefurahi kuona kwamba mwuliza swali aliitumia bila ya kufundishwa. Wapo wanaosahihisha "bango limeandikwa 'Nyumba hii haiuzwi'" wakidai kwamba kilichoandikwa ni maneno, wala si bango. Wanasahau kwamba ukuta hupakwa rangi na lori hupakiwa mizigo, na hakuna anayelalamika kwamba kilichopakwa ni rangi. Bango limeandikwa, ukutani pameandikwa, na langoni kumeandikwa. Zote tatu ni njema, na mwandishi achague kama anataka jicho la msomaji lianze kwenye kitu au mahali.

Kuhusu kurudiarudia, wanafunzi wangu katika swali la ufupisho huanza kila sentensi kwa "Kifungu kinasema kwamba". Huwa ninayakata maneno hayo yote. Si kosa la sarufi, lakini wamepewa idadi ya maneno, na msahihishaji anajua fika ni kifungu gani kinachofupishwa. Huenda duara jekundu lilitaka kusema hivyo, likakosa maneno. Ukikwisha kuandika juu kabisa kwamba yafuatayo yamo katika barua ya mzabuni, sentensi tatu zinazofuata zaweza kwenda bila ya kitenzi chochote cha kusema.

Mfasiri wa Sheria

Nilipoliona neno "kifungu" katika jibu la Mwalimu nilisita kidogo, hadi nilipokumbuka kwamba katika mitihani ya Kenya kifungu ni matini ya kusomwa. Kwetu Tanzania, katika kazi za sheria, Katiba ina ibara na sheria iliyotungwa na Bunge ina vifungu, kwa hiyo karani wetu akisoma ushauri ule asije akavikata vifungu vya sheria katika madokezo yake.

Nina la kusema kuhusu "inasomeka", kwa kuwa ni sehemu ya riziki yangu. Kauli ya kutendeka katika kitenzi hiki ina kazi mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni uwezekano: mwandiko wa daktari hausomeki, namba ya gari haisomeki kwa tope. Ya pili ni kuonesha herufi zenyewe zilivyo pale zilipo, bila ya kujali maana. Ndiyo maana ofisini utaambiwa kwamba kwenye cheti cha kuzaliwa jina linasomeka "Husna" na kwenye kitambulisho linasomeka "Husina", kisha utumwe ukaape hati ya kiapo. Ndiyo maana pia gazeti linaporekebisha kosa lake huandika kwamba badala ya neno fulani "isomeke" fulani, na mbunge anayeleta jedwali la marekebisho hupendekeza kwamba kifungu "kisomeke kama ifuatavyo", halafu zikafuata nukta mbili na maneno yaleyale yatakayopigwa chapa katika sheria, koma kwa koma.

Katika mifano hiyo yote, kinachofuata baada ya kitenzi ni maandishi yenyewe. Neno "kwamba" lina kazi iliyo kinyume cha hiyo, kwa sababu linamwambia msomaji kwamba umeyaacha maneno ya mwandishi na sasa unatoa maana kwa maneno yako. Masikio yako yanaikataa "inasomeka kwamba" kwa kuwa nusu yake ya kwanza inaahidi herufi na nusu ya pili inaleta maana. Andika "barua inasomeka hivi", uweke nukta mbili na alama za kunukuu, au andika "inasema kwamba" na utoe muhtasari. Kuna kundi la watu wanaosema kuwa hata "inasomeka hivi" ni tafsiri ya kimagharibi iliyojipenyeza. Mimi sina ugomvi nayo, kwa kuwa imekwisha kupata kazi ambayo hakuna kitenzi kingine kinachoifanya kwa ufupi huo.

Nirudi kwenye ushauri wa Mzee wa kumrudishia mwenye maneno. Kwa barua ni ushauri mzuri sana, lakini haufiki kwenye sheria. Sheria haina mtu wa kurudishiwa maneno, kwani hata mbunge aliyepiga kura ya hapana hufungwa na sheria ileile. Hapa ni lazima tukubali kwamba matini yenyewe ndiyo inayosema, na tatizo linalobaki ni kwamba mara nyingi haisemi tu, bali inafanya. Chukua Ibara ya 33(1) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977: "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano." Ukiandika kwamba ibara hii "inaeleza kuwa kutakuwa na Rais", umeigeuza kuwa utabiri wa hali ya hewa. Ile "-ta-" haizungumzii kesho; inaamuru. Ibara inaanzisha nafasi ya Rais, na "inaanzisha" ndicho kitenzi chake.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi na unanikosesha usingizi hadi leo. Ibara ya 14 inaanza kwa maneno "Kila mtu anayo haki ya kuishi". Je, tuandike kwamba inatoa haki hiyo, au kwamba inaitambua? Kilichotolewa na ibara chaweza kufikiriwa kuwa kitaondoka ibara ikifutwa, ilhali kilichotambuliwa kilikuwapo kabla ya ibara kuandikwa. Mimi huandika "inatambua", kwa kuwa neno "anayo" linamkuta mtu akiwa na haki yake tayari mkononi. Wenzangu wawili tunaofanya kazi pamoja huandika "inatoa", kwa hoja kwamba mahakamani huwezi kuishika haki isiyo na ibara, na mpaka sasa hatujapatana. Ninalitaja hili ili karani wetu aone kwamba kutafuta kitenzi mbadala kwa ajili ya kupendezesha ukurasa ni jambo la hatari hata kwa waliolisomea.

Tangu mwaka 2021, pale Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ilipoibadilisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, upimaji huu umekuwa kazi ya kila siku. Kwa sehemu kubwa si kazi ngumu: kifungu kinachozuia kinakataza, kinachofungua mlango kinaruhusu, kinachompa mtu jukumu kinamtaka au kinamwelekeza, kinachotaja miaka ya kifungo kinaweka adhabu, na kile cha mwanzo chenye orodha ya maneno kinatoa tafsiri. "Kutamka" ninakuhifadhi kwa hukumu na wosia, ambavyo hubadilisha hali ya mtu kwa maneno yaliyotolewa na mtu mmoja au jopo moja mahali fulani na siku fulani.

Kwa mkataba, ambao pia umo katika majalada yako, usisahau kwamba una wenyewe wawili. "Mkataba unasema madawati yaletwe tarehe fulani" ni sahihi, lakini "pande mbili zilikubaliana katika kifungu cha 6 kwamba madawati yaletwe tarehe fulani" inamkumbusha kila mmoja kwamba alitia sahihi.

Karani wa Jalada

Ninawashukuru nyote, na ninaona haya kidogo kwa ile orodha yangu. Leo nimeliandika upya dokezo la madawati, nami naliweka hapa mlione kabla sijalipeleka:

"Mzabuni anafafanua katika barua yake kwamba madawati yalifika siku 14 baada ya tarehe ya mkataba, na anataja kuwa sababu ni kufungwa kwa barabara kutokana na mvua. Barua haisemi lolote kuhusu fidia."

Nina swali dogo la nyongeza. Mwenzangu wa meza ya jirani hajakubali kushindwa. Anasema kwamba kama watangazaji wa mpira husema "ubao unasoma mbili moja", na sisi sote husema kwamba mita inasoma yuniti kadhaa, basi hakuna kinachozuia "barua inasoma hivi".

Msoma Prufu

Mwambie mwenzako kwamba ubao wa mpira na mita ni vitu vinavyobadilika mbele ya macho yako, na "kusoma" kwa maana hiyo kumeshika palepale ambapo zamani tungesema "kuonesha": ubao unasoma mbili moja sasa, na dakika tano zijazo utasoma mbili mbili. Siku hizi hata pesa ikiingia kwenye akaunti watu husema imesoma. Sijali, kwa kuwa mitaani na viwanjani kinaeleweka na kina raha yake. Barua ya mwezi uliopita haibadiliki ukiwa unaiangalia. Hiyo husomwa, haisomi.

Katika dokezo lako ningebadilisha neno moja. "Anafafanua" maana yake ni kwamba kulikuwa na jambo lililotajwa kwanza kwa kifupi au kwa utata, naye akarudi kulifungua. Kama hii ndiyo barua yake ya kwanza kuhusu ucheleweshaji, hajafafanua kitu, anaeleza. Kama alikwisha kuandika barua nyingine kabla ya hiyo, basi liache, na uitaje hiyo ya kwanza pamoja na namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada. Sehemu iliyobaki ni safi, na ile sentensi ya mwisho ndiyo niliyoipenda zaidi, kwa kuwa mwenye kuamua juu ya fidia anahitaji kujua kwamba mzabuni hakuikubali wala hakuikataa.

Karani wa Jalada

Ilikuwa barua ya kwanza. Nimeweka "anaeleza", nikaongeza namba ya folio, nikalipeleka.

Limerudi mchana huu likiwa na saini ya kuidhinishwa na duara jekundu moja tu, ambalo limezunguka neno "haisemi". Juu yake mkuu ameandika masahihisho yake: "Barua iko kimya kuhusu fidia."

Mwenye Leso

Muulize, kwa adabu zote anazostahili mkubwa wa ofisi, kisicho na mdomo hunyamazaje.